Karatasi ya Siku Thelathini

Ilikuwa mwisho wa mwezi, foleni ya dukani imefika mpaka kwenye rafu za sabuni, na mwanamume aliyekuwa mbele kabisa alikuwa anarudisha vitu. Alirudisha biskuti, kisha juisi. Akaliangalia kopo la kahawa kwa huruma, akalirudisha nalo.

"Kaka, ukimaliza vyako nikupe na vyangu urudishe?" sauti ya kike ikauliza nyuma yake.

Watu wakacheka. Aligeuka, akamwona dada aliyevaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, utepe wa kupimia umesahauliwa shingoni.

"Pesa ninazo, dada. Ila nataka kustaafu."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na nne."

"Shikamoo, Mstaafu!"

Jina likamganda tangu siku hiyo. Alikuwa fundi lifti, mtu wa kushinda ndani ya mashimo ya maghorofa, grisi mpaka viwikoni. Dada alikuwa mshona mapazia. Walipeana namba, na wiki haikwisha kabla simu ya dada haijalia; fundi ndiye aliyepiga.

"Nina dirisha nataka ulipime."

"Lina upana gani?"

"Sijui. Njoo ulione."

"Fundi mzima hajui kupima dirisha? Sema umenikumbuka, kipenzi, usimalize pesa ya kustaafu kwenye simu."

Alikwenda kulipima. Akapima na moyo wake, akaona umeshachukuliwa.

Fundi hakuwa bahili, na nasema hivi bila kumtetea. Baba yake alifanya kazi kiwandani miaka thelathini na mitatu, akafa akiwa amebakiza miezi mitatu apumzike. "Sitaki kufa na funguo za watu mfukoni," alimwambia mchumba wake. "Tubane miaka michache, mpenzi, halafu siku zote ziwe zetu. Tutaamka tunapotaka. Tutakwenda tunapotaka." Nani angekataa maneno hayo? Mshonaji naye alikuwa amechoka kushonea watu madirisha yenye mandhari nzuri huku la kwake likitazama ukuta. Wakaunganisha akiba, harusi wakaisogeza mbele.

Nyuma ya mlango wa jikoni kwa mshonaji wakabandika karatasi. Kila kilichozidi matumizi ya wiki kiliandikwa pale na tarehe yake, kikasubiri siku thelathini. Siku zikiisha na bado unakitaka, unanunua na kuweka alama ya vema. Hamu ikiisha, unakifuta. Kila Jumapili walisimama mbele ya karatasi wakitaniana.

"Viatu vyekundu, siku ya ishirini na tisa. Bado unavitaka?"

"Hata sura yake nimeisahau."

"Na hii redio yangu?"

"Futa, Mstaafu. Mimi nakuimbia bure."

Wakafuta, wakacheka, akiba ikanenepa. Kusema kweli ilikuwa raha. Miaka mitatu ilipita hivyo.

Mwaka wa tatu mama yake mshonaji, aliyekuwa anaishi mbali, safari ya siku nzima ya basi, alianza kukohoa. Binti akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Safari ya kwa mama*. Akaweka tarehe. Hakuna aliyemlazimisha. Fundi aliisoma, akadhani ni matembezi tu, wala hakuuliza. Mshonaji naye hakueleza, kwa sababu alitaka aulizwe.

"Mama, nitakuja tarehe tatu," alisema kwenye simu.

"Usijisumbue, mwanangu. Kikohozi tu hiki. Mkwe wangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakusalimu."

"Haya. Tarehe tatu si mbali. Nitafua mashuka."

Mama alifariki siku ya ishirini na moja kati ya zile thelathini. Nauli ilikuwa ndani ya pochi ya binti yake muda wote huo.

Fundi alikwenda mazikoni, akabeba jeneza, akalia mbele za watu. Kesho yake akarudi kazini. Mshonaji alibaki wiki nzima kupokea rambirambi. Aliporudi aliingia jikoni kuchemsha maji, akafunga mlango, akaiona karatasi. Kwenye mstari wa safari palikuwa na alama ya vema, imechorwa vizuri kwa kalamu ya bluu.

Akampigia simu papo hapo. "Hii vema umeweka wewe?"

"Ipi?"

"Safari ya kwa mama."

"Ndiyo, mpenzi, Jumapili nilipokuja kufunga bomba. Si ulikwenda?"

Kisha fundi akasikia alichokisema, na hakikurudi tena mdomoni. "Mahabuba, nisamehe. Mkono tu ulizoea. Sikufikiri."

"Najua hukufikiri," alisema mshonaji, akakata.

Waligawana akiba nusu kwa nusu, bila ugomvi. Fundi alipiga simu mwezi mzima, hazikupokelewa. Alipochoka kupiga akarudi kwenye kubana, maana ndicho kitu pekee alichojua kufanya vizuri.

Miaka minne baadaye, Jumanne asubuhi, aliingia kwenye karakana ya mapazia amevaa shati jeupe, mikono misafi. Mshonaji aliinua uso kutoka kwenye cherehani. Alimpenda bado. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Nimeacha kazi juzi," alisema fundi. "Akiba imetimia. Nimekuja kukuomba nikuoe. Twende popote unapotaka, leo hii."

"Kuna mahali pamoja tu nilipotaka kwenda."

Fundi akainamisha kichwa. "Unanilaumu mpaka leo?"

"Kama ningekulaumu wewe, ningekuwa nimeshakusamehe, kipenzi." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Tarehe niliiandika mimi. Nauli nilikuwa nayo mimi. Nikikutazama namwona mama anafua mashuka. Utakula na mimi kila siku, nami nikuone hivyo kila siku?"

"Nitavumilia."

"Mimi sitaweza."

Mteja aliingia na vipimo vyake. Mshonaji alijipangusa kwa upindo wa gauni, akamwomba fundi asogee kidogo, amesimama juu ya kitambaa. Akasogea. Akasogea tena mpaka mlangoni, akatoka.

Nje watu walikuwa wanakimbilia shughuli zao. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, naye alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hana pa kukimbilia.