Mwali Asiyelalamika

Wenzangu wa milimani, tulieni niwasimulie aibu yetu wenyewe. Zama za Mjerumani, kijijini kwetu ng'ambo ya mto Mzinga, kila kulipopambazuka ukungu ulitanda migombani na kinu kikaanza kulia nyumbani kwa Maneno. Twi! Twi! Tukasema, "Heri Maneno, nyumba yake ina neema." Wapumbavu sisi.

Maneno alimweka ndani mpwa wake yatima, Mosi, tangu alipovunja ungo. Mnamjua mwali wetu: halimi, hatwangi, hulishwa anenepe, wala mwanamume hamwoni. Lakini Mosi aliingia mwaka wa pili mle ndani akitwanga tangu alfajiri, na akichoka alichapwa. Unga huo Maneno aliuuza kwa jumbe, kwa akida, misheni na bomani. Wakubwa wote waliusifu kwa weupe wake.

Jirani yake, Bi Chausiku mfinyanzi, alisikia vilio. Akaenda kwa jumbe. Jumbe akasema hayo ni ya akida. Misheni wakasema mtoto si wa kwao. Karani wa boma akamwuliza, "Aliyepigwa mbona hakuja mwenyewe?" Hatimaye Akida Abasi akakubali kwenda kukagua, yeye na karani na askari mmoja.

"Hodi! Mwali hajambo?" aliuliza nje ya mlango.

"Mwali hasemi na wanaume, Akida," Maneno akadakia. "Hata mimi mjomba wake simwoni uso, wallahi!"

"Ewe mwali, una malalamiko?"

Kimya. Akida akamwambia karani, "Andika: mtoto hakulalamika." Wakaondoka, askari kajitwika kikapu cha unga. Mimi nilicheka siku ile, na mpaka leo naona haya.

Bi Chausiku hakucheka. Yeye ni mwanamke; mlango ule haukumkataza. Maneno alipokwenda sokoni, akaingia, akamkuta Mosi mifupa mitupu, viganja vimechubuka, mgongo umejaa alama za fimbo.

"Bibi, nikiacha kutwanga ataniua," Mosi alinong'ona.

"Jifunike kaniki hii, mjukuu wangu. Twende kwangu."

Jioni Maneno akaja akifoka, "Mtoe Mosi!"

Bi Chausiku alikuwa mlangoni akikanda udongo wake. "Mwali haonani na wanaume, hata mjomba. Si uliapa mbele ya akida?"

"Mosi! Toka!"

Kimya.

"Unaona?" akasema Bi Chausiku. "Hakulalamika."

Kijiji kizima tuliangua kicheko, na Maneno akarudi kwake peke yake.

Siku ya tatu wakaja mbio jumbe, akida na karani: mbona unga hauji, kuna nini? Mtoto alilia mwaka mzima na zaidi, hawakumsikia. Kinu kiliponyamaza siku tatu tu, wakasikia wote! Bi Chausiku akafungua mlango kidogo, Mosi akatoa nje viganja vyake viwili.

"Unga mliokula umetoka hapa," Bi Chausiku akasema.

Akida aliinamisha kichwa, nasi pia. Mosi akabaki kwa Bi Chausiku, akanenepa kama mwali anavyotakiwa. Maneno alianza kutwanga mwenyewe; unga wake ulikuwa chenga tupu, hata kuku waliususa.

FUNZO

Mtoto anayeteswa halalamiki, kwa sababu mtesaji ndiye anayesimama mlangoni kumjibia. Wewe mwenye madaraka, na wewe jirani, usimwulize ukiwa nje. Ingia umtazame. Na unapokula kitu kitamu, jiulize ni nani aliyekitwanga.