Jina Lisilokwisha

Saa nane mchana, mlango wa stoo ya dawa uliikataa kadi ya muuguzi Nafiso. Akapiga simu chumba cha mitambo.

"Laban, nina mtoto wa pumu huku wodini. Mlango unasema haunijui."

"Haumjui mtu yeyote," Laban alijibu kwa sauti ya chini. "Nipe dakika moja."

Seva ya majina, iliyotunza jina la kila mfanyakazi wa hospitali ile ndogo ya Kariobangi na kuamua nani afunguliwe wapi, ilikuwa imezimika mara ya tatu wiki hiyo. Laban akaiwasha, mtoto akapata dawa. Kisha akasoma kumbukumbu za mtambo. Kila mara lilikuja ombi lile lile: jina likitafutwa ndani ya jina, ndani ya jina jingine, maelfu kwa maelfu, mpaka seva ikaelemewa ikaanguka. Udhaifu huo ulijulikana, na watengenezaji walikuwa wameshatoa kiraka, programu ndogo ya kuuziba, ila hapa hakikuwa kimewekwa. Kilichomtia baridi ni mahali ombi lilikotoka: kompyuta ya chumba cha chini ambayo yeye mwenyewe aliing'oa nyaya mwezi uliopita.

Alishuka. Korido ilinuka udi na nywele zilizoungua, na nyuma ya mlango sauti nyembamba ilikuwa ikitaja nasaba, fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, bila kuvuta pumzi, majina ya watu wasiokuwa tena na wa kuwakumbuka, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyotambua kwamba haikuwa na hasira hata kidogo, ilikuwa ikimtafuta tu mtu mmoja, yeyote yule, wa kuiitikia.

Alipanda ngazi mbio, akaweka kiraka. Ombi likaja tena. Seva ikalikataa, ikaendelea kufanya kazi.

"Imetulia?" Nafiso aliuliza simuni.

"Imetulia."

Jumapili Laban alikuwa peke yake chumbani kwake, akipasha ugali wa jana, aliposikia mtu nje ya mlango.

"Wamalwa."

Alichungulia dirishani. Ngazi zilikuwa tupu. Jina hilo alipewa na nyanya yake. Kazini hakuliandikisha popote, na tangu amzike mkewe hakuna aliyelitamka. Alijua, kama ajuavyo kila mtu, kwamba ukiitwa na usiyemwona, huitiki.

"Wamalwa," ikaita tena sauti ile nyembamba, kwa upole.

Akazima jiko. Akaweka mkono kwenye komeo.

"Naam," akasema.