Goti la Winga

Duka la dawa lilifurika watu, na Winga, aliyezoea kuwapita mabeki watatu kwa mkupuo, akajaribu kuipita foleni. Aliyemzuia ni msichana wa gauni la samawati na miwani iliyomshuka puani, mkandaji viungo wa hospitali ya jirani.

"Kaka, hata kama mguu unauma, nyuma kuna nafasi."

"Nani kakwambia unauma?"

"Wewe mwenyewe. Unatembea kama unakanyaga misumari."

Wakacheka. Tangu hapo msichana akawa anamfunga goti kabla ya kila mechi, kwa siri, maana pale klabuni anayelalamika hukosa namba, na Winga benchi hakulitaka hata kwa dawa. Mapenzi yakaota humo humo kwenye bandeji. Simu zikawa haziishi, huyu "dokta wangu", yule "mgonjwa wangu mkorofi".

Vita vikaja, vijana wakaitwa kupimwa. Goti lile lingemrudisha nyumbani. Lakini kocha alikuwa ukumbini, kawasindikiza wachezaji wake, na daktari wa jeshi alipouliza kama ana maumivu popote, Winga akajibu kama alivyojibu miaka yote kwamba yuko fiti. Mazoea yana taabu.

Msichana aliposikia aliona amemchagua kocha, si yeye. Akazikata simu zake zote, hadi usiku wa kuamkia safari.

"Bado umeninunia, mpenzi?"

"Nimekununia. Rudi nikununie vizuri."

"Nikirudi nitakuoa."

"Ungesema ukweli ungenioa kesho, mjinga wewe," akajibu, machozi yakimtoka.

Asubuhi alikwenda kwenye malori, akapiga magoti vumbini, akamfunga kwa mara ya mwisho.

Askari mwenzake ndiye aliyeleta habari. Mabomu yalipoanza walikimbia wote, Winga akiwa mbele yao. Kisha goti likamkatalia, akaanguka mahali peupe, nao hawakuweza kumrudia.

Msibani msichana alikaa karibu na mlango, hajui nafasi yake pale. Mama wa marehemu akamfuata, akamketisha ubavuni pake, akamshika mikono yote miwili.

"Huyu ndiye mkwe wangu," akawaambia wenzake. "Mwanangu aliniambia, mikono hii ndiyo iliyomponya goti."

Wanawake wakampa pole, mmoja mmoja. Alitamani kuivuta ile mikono aifiche, lakini mama hakuiachia.