Ubao wa Nyuma

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilitokea jikoni kwa dada yangu, Jumamosi asubuhi, jua limejaa dirishani, na mikono iliyolifungua ni hii yangu.

Dada alikuwa amehamia nyumba ndogo na binti yake wa miaka mitano, ambaye tunamwita Mkaguzi kwa kupenda kukosoa. Uwezo wa kulipa fundi hakuwa nao. Nikamwambia makabati ya jikoni nitayafunga mwenyewe. Useremala sikufundishwa, nimeujua kwa kuharibu vitu vyangu.

Tulipata makabati matatu kwa muuza mbao chakavu, yametolewa kwenye nyumba iliyobomolewa. Mawili alitupakilia bila neno. La tatu alilishikilia kidogo.

"Fundi, hili ubao wake wa nyuma usiufungue."

"Umeoza?"

"Haujaoza. Usiufungue tu."

Hakuna kinachonipandisha hasira kama mtu kunificha jambo. Lina mchwa hili, nikasema moyoni, ananibambikia.

Kabati lile ndilo lililoenea chini ya sinki. Bomba la maji machafu lilitakiwa kupita nyuma yake, na tundu moja la drili lingetosha. Lakini nilitaka kuuona huo uozo. Nikahesabu skrubu: arobaini na mbili, mahali ambapo nane zinatosha. Nikazitoa zote. Ubao ulikuwa mzima, mkavu, hauna hata kovu.

"Umeona?" nikamwambia dada. "Watu wanapenda kutisha wenzao."

"Mjomba, mlango umepinda," akasema Mkaguzi.

"Kilichopinda ni shingo yako. Kaa pembeni."

Nikalisukuma kabati hadi likagusa ukuta. Nikapima kina kwa nje: sentimita sitini. Nikaingiza tepu ndani mpaka ukutani. Sabini na mbili. Nikaitukana tepu, nikapima tena. Tisini.

Nyuma ya ukuta ule ni uani. Nguo zilikuwa zimeanikwa.

"Nitafutie tepu nyingine," nikasema. Dada akainamia mfuko wangu wa vifaa, nami nikainama kumsaidia. Tulipogeuka, mlango wa kabati ulikuwa unajifunga polepole. Mbele yake, ndala mbili ndogo.

"Yuko wapi?" dada akanong'ona.

Nikafungua. Giza. Ukuta sikuuona. Nikaingiza mkono. Bega. Kifua. Nikaita. Sauti yangu haikugonga popote. Nikanyoosha vidole. Kitu kidogo, cha baridi, kikakishika kimoja.

Nikavuta.

Alikuwa yeye, na gauni lile lile. Birika tuliyoiwasha kabla ya kupima ilikuwa bado haijachemka.

Aliniangalia kama mtu anayetafuta jina.

"Mjomba," akasema taratibu, "niliwaita. Kila siku niliwaita."

Nililivuta kabati. Ukuta ulikuwa pale pale, plasta kavu. Nikarudisha ubao, skrubu moja baada ya nyingine, zote arobaini na mbili, kisha nikaongeza zangu.  

Dada alikuwa amekaa sakafuni, amempakata mtoto, anajaribu kumfumbua ngumi. Haikufumbuka kirahisi. Kucha zilikuwa zimeota, zimejikunja, zimezunguka mpaka kiganjani.