Ufa Chini ya Rangi Nyeupe

Kila alasiri Gulafsha akitoka shule, alivua viatu, akapandisha suruali hadi magotini, akaziba pua na kuingia kwenye shimo la udongo nyuma ya karakana ya baba yake, pale Khurja, mji wa wafinyanzi nchini India. Udongo ulikuwa umelala humo miezi minne chini ya magunia yaliyolowa, na ulinuka kama panya aliyefia darini. Ulipenya kati ya vidole, wa baridi, unaoteleza. Gulafsha aliuchukia kwa moyo wote.

"Kanyaga mpaka nikuambie basi," alisema Irshad, baba yake. "Ukinuka ndiyo umeiva."

"Baba, darasani wananiita Binti Choo!"

"Waambie basi, bila udongo huu wangenywea chai viganjani."

Irshad hakufinyanga vikombe. Alitengeneza vibao vizito vya udongo ambavyo wafinyanzi huvipanga ndani ya tanuri, ghorofa juu ya ghorofa, na kuweka juu yake vikombe vyao vya kuchomwa. Vibao vya zamani vilivyovunjika vilitwangwa, na chenga zake zikachanganywa na udongo mpya ili ustahimili moto. Kuchanganya kwa miguu ilikuwa kazi ya Gulafsha.

Siku moja kichefuchefu kilimshinda. Baba alipokwenda msikitini, Gulafsha alikanyaga kidogo kwa ncha za vidole, akatoka kunawa. Baba aliporudi akamwambia, "Tayari." Irshad akaujaza udongo kwenye fremu za mbao, akaushindilia kwa nyundo ya mti.

Wiki tatu baadaye vibao vilikuwa vimekauka na kuchomwa. Gulafsha alivipaka rangi nyeupe inayozuia vikombe visigandie kibao motoni. Kwenye kibao cha nne akaona ufa mwembamba, pale bonge la udongo lilipobaki bila kuchanganyika. Akapaka rangi mara tatu, ufa ukapotea.

Kesho yake jirani yao, Mama Kausar, alikuja kuvichukua. Alikuwa mjane.

"Leo nawasha tanuri kwa mara ya kwanza tangu mzee aondoke," alisema. "Vikombe mia tatu, nimefinyanga mwenyewe miezi miwili!" Akambusu Gulafsha shavuni. "Nyie ndio ninaowaamini."

Mate yalimjaa Gulafsha kinywani, kama mtu anayetaka kutapika. Hata shimoni hakuwahi kujisikia hivyo. Akilini alikiona kibao cha nne kikikatika motoni na vikombe vyote vikiporomoka.

"Usichukue hicho!" alipiga kelele.

Akakigonga kwa kidole. Kikatoa sauti butu. Akakwangua rangi kwa kucha, ufa ukaonekana.

"Sikukanyaga vizuri, Baba. Nikadanganya. Halafu nikauficha."

Irshad alivigonga vibao vyote kimoja kimoja. Vingine vyote vililia vizuri kama kengele. Akamgeukia binti yake, uso umekunjamana.

"Uvundo wa shimo unatoka kwa sabuni," alisema. "Mtu anatuamini, nasi tunampakia rangi juu ya ufa! Hilo ndilo linalonitia kinyaa mimi. Kosa lako la kwanza lilikuwa uvivu. La pili lingemwangamiza mwenzetu. Kazi ikiharibika, mwanangu, sema mapema."

"Nitangoja kibao kingine," alisema Mama Kausar. "Tanuri halina miguu, halitakimbia."

Gulafsha alikivunja kibao mwenyewe, akakitwanga, akamwaga chenga shimoni. Akaingia kwa miguu yote miwili. Machozi yalimtoka kwa ile harufu, akakanyaga.

"Basi, toka sasa," baba yake alisema hatimaye.

"Bado, Baba," alijibu Gulafsha. "Bado kuna mabonge."