Mikono Ndani ya Moyo wa Fuko

Watu walimwita Fuko kwa sababu riziki yake ilikuwa chini ya ardhi. Alichimba visima. Yeye alishuka na sururu, mkewe akabaki juu na kamba. Ndoo ikijaa udongo, Fuko alitikisa kamba, na mke akavuta, mkono huu halafu mkono ule, mpaka ndoo itoke. Kaka yake mke alimwaga udongo. Majirani walimtania mke kwamba kila asubuhi anamzika mumewe na kila jioni anamfufua. Naye alicheka, maana nyumbani kwake hawakulala njaa.

Siku moja Fuko alipokuwa akipanda ngazi, macho yaliingia giza. Aling'ang'ania ngazi akihema. Mke na kaka yake walimshika makwapani wakamtoa. Hospitali walimpima moyo kwa mashine. Daktari akasema msuli wa moyo umenenepa kuliko kawaida. Alimpa vidonge vya kumeza kila siku, akamkataza kazi ya nguvu.

Katika maneno yote hayo, Fuko alishika moja tu: umenenepa. Mikono yake ilinenepa kwa sururu, basi na moyo nao umepata mazoezi. Mtu gani anatibiwa nguvu? Tena alipomeza vidonge, mapigo yalitulia, akaona dawa inamlegeza, naye hakupenda. Akaamua kumeza siku za mapumziko tu. Siku za kazi aliviacha, akarudi kisimani.

Mke alibembeleza mpaka akachoka. Alitaka kumwambia kwamba sikio la kufa halisikii dawa, lakini aliogopa kulitamka neno kufa. Kila Fuko aliposhuka, yeye alisimama juu na hofu yake. Mwishowe alikwenda kwa jirani, muuguzi wa kliniki ya moyo, akamweleza yote.

Jioni muuguzi alipita. Alimkuta Fuko uani akikagua kamba.

"Shemeji, nasikia una moyo wa chuma," alisema.

"Hata mashine imeona," Fuko alijibu, akatabasamu.

Muuguzi aliketi. Akamwomba amwonyeshe jinsi ndoo inavyovutwa. Fuko alivuta, mkono huu halafu mkono ule.

"Sasa vuta bila kuachia hata mkono mmoja."

Fuko alijaribu. Kamba ilikwenda kidogo, ikasimama. "Hapo ndoo haipandi," alisema. "Lazima uachie ndipo ushike tena."

"Basi moyo wako ndivyo ulivyo. Unajua kushika, kuachia unachelewa."

Mke alisogeza kigoda karibu. Muuguzi akaeleza polepole. Ndani ya msuli wa moyo kuna nyuzi ndogo sana, hazionekani kwa macho. Zimejengwa kwa protini. Nyuzi nene zina vichwa vidogo vinavyofanya kazi kama mikono. Vichwa hivyo hushika nyuzi nyembamba, huvuta, huachia, hushika tena. Hapo msuli hujikaza na damu husukumwa.

"Na nani anaviambia vishike?" mke aliuliza.

"Kuna protini nyingine imelala juu ya uzi mwembamba. Inafunika mahali pa kushikia. Kalsiamu ikiingia, kifuniko kinasogea, vichwa vinashika. Kalsiamu ikiondolewa, kifuniko kinarudi, vichwa vinaachia. Moyo unalegea, unajaa damu upya. Usipojaa, utasukuma nini?"

Fuko aliiweka kamba chini. Muuguzi akaendelea. Kuna watu wanaozaliwa na kasoro katika mojawapo ya protini hizo. Vichwa vingi mno hushika, na kulegea huwa shida. Kadiri miaka inavyokwenda, ukuta wa moyo hunenepa na nafasi ya damu hupungua. Ndiyo maana mtu huona giza. Vidonge hupunguza kasi ya mapigo, ili moyo upate muda wa kujaa. Kumeza leo na kuacha kesho ni hatari. Na kwa kuwa kasoro hii hurithiwa, binti yao na ndugu zake Fuko wapimwe pia.

"Kwa hiyo dawa hainilegezi bure," Fuko alisema.

"Inaulegeza moyo ili ufanye kazi, shemeji. Ila kisimani usishuke tena."

Neno hilo lilimuuma. Lakini alimwaza binti yao, na kesho yake alimpeleka kliniki mwenyewe. Moyo wa binti ulionekana mzima, wakaambiwa wamrudishe kupimwa kila baada ya muda. Fuko akameza vidonge kila siku, bila kusukumwa.

Kazi haikufa. Mke ndiye aliyeshika sururu, maana alikuwa mwepesi na alijua udongo. Kaka yake alivuta kwa winchi. Fuko alikaa mdomoni mwa kisima, akielekeza. Wateja walishangaa, halafu wakazoea.

Kwenye kisima cha kwanza cha mke, maji yalitokea mchana. Alipanda ngazi, matope mpaka nyusi, akicheka. Alimkuta Fuko amesimama, hajagusa chakula chake.

"Unaumwa?" aliuliza kwa hofu.

"Siumwi. Tangu uliposhuka sijaketi." Fuko alimfuta matope usoni. "Mke wangu, miaka yote hiyo uliwezaje kukaa hapa juu?"