Herufi Iliyorukwa

Foleni ya duka la kuchapisha ilikuwa imefika mlangoni, na mashine ilikuwa imekwama na karatasi za Mwalimu tumboni. Alivaa gauni la kijani lililopigwa pasi sawasawa, kalamu nyekundu kaichomeka kwenye nywele, na hakujua la kufanya. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake, mikono ya shati kaikunja, aliomba njia, akafungua kifuniko cha mashine na kuzitoa moja moja bila kuchana hata moja.

"Kumbe unasoma uzamili wa ualimu kwa mtandao," alisema akitazama ukurasa wa juu. "Hata mimi. Sasa mbona unachapisha?"

"Nisiposhika karatasi, Fundi, naona kama sijasoma."

Jina hilo likamganda, maana kweli alikuwa mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi. Yeye Mwalimu alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kufundisha Kiswahili, na sita ya ujane. Chaki aliijua, kompyuta walikuwa bado wanatazamana. Kipindi cha kwanza alimgombeza mdogo wake kuhusu sufuria iliyoungua, na darasa zima likasikia. Fundi akampigia simu kumwelekeza kitufe cha kuzima sauti, na simu ya dakika tano ikala saa nzima. Kesho yake vivyo hivyo. Fundi alimfundisha mitambo, Mwalimu akamnyooshea sentensi, na kufikia mwezi wa pili walikuwa wakinywa chai kila Jumamosi mkabala na lile duka. Fundi alimwita "mwenzangu", neno la kozi, kwa sauti ambayo haikuwa ya kozi hata kidogo. Mwalimu alijua kwamba anapenda. Alijua pia kwamba ana miaka arobaini na saba, na hakutaka kuchekwa.

Katika kozi ile, rasimu ya kila mmoja ilisomwa kwanza na mwenzake, ambaye aliandika maoni mahali ambapo darasa zima liliyaona. Maoni, si alama. Kichwa cha Mwalimu kilielewa, mkono haukuelewa. Ilipofika zamu ya kusoma kazi ya Fundi, alifanya alichokizoea: aliandika 38/100, kisha neno linalowatetemesha wanafunzi wake wote, Nione. Ila alikuwa akichapa kwa vidole viwili, tena bila miwani.

Mdogo wake, mshonaji, ndiye aliyemwonyesha kosa. Aliweka mkasi chini.

"Dada," alisema taratibu, "hukumwambia akuone. Umemwambia akuoe."

Wakati huo wanadarasa kumi na mmoja walishacheka kwa maandishi, na mmoja aliuliza kadi za mwaliko zinatoka lini. Mwalimu akaona aibu, na aibu ikamfanya mkali. Akaandika: "Nimeruka herufi. Nilikusudia Nione. Mtu wa alama thelathini na nane hawezi kuandikiwa hilo jingine."

Fundi hakujibu, wala hakupiga simu. Jumamosi Mwalimu alikunywa chai peke yake. Jumatatu mhadhiri akamwarifu kwamba mwenzake ameomba kubadilishiwa msomaji, na ombi litakubaliwa Ijumaa. Hapo ndipo alipolia, kwa kuwa alijua anayemkosa si msomaji.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mdogo wake alimwambia. "Lakini sakafu inapigwa deki. Inuka."

Aliichapisha ile kazi, akaisoma bila kalamu. Sentensi zilipinda, ni kweli. Lakini ukurasa wa nne Fundi alieleza jinsi wanafunzi wake wanavyofundishana kufunga swichi, na kwamba anayekosea mbele ya mwenzake hujifunza haraka, kwa sababu hapotezi muda kuogopa. Katika miaka ishirini na miwili Mwalimu hakuwahi kuliwaza hilo. Akaandika maoni upya, pale pale mbele ya wote. Alisema alama hazikuwa zake kutoa, kwamba kauli ile ya thelathini na nane aliiandika kwa aibu na haikuwa ya kweli, na kwamba ana maswali matatu kwa sababu anataka kujifunza.

Jibu halikuja. Alhamisi akalivaa lile gauni la kijani, akaenda mwenyewe hadi karakana ya chuo. Fundi alikuwa mezani na swichi iliyofunguliwa.

"Nimeyasoma maoni," alisema bila kuinua kichwa. "Mazuri. Lakini sikuumia kwa alama, Mwalimu, hizo nimezizoea. Lile neno nililiona kabla hujalikana. Mtu mzima mimi, nilisimama jikoni peke yangu nikifurahi."

Mwalimu akarudi kwenye kazi aliyoizoea. Alitoa ile rasimu mkobani, akachomoa kalamu kwenye nywele, na chini ya ukurasa wa mwisho akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: Nione.

Fundi akasoma. "Haya, nimekuona."

"Ngoja, mwenzangu. Sijamaliza kusahihisha."

Akaikata ile n ya pili kwa mstari mmoja mwekundu, akamgeuzia karatasi.

Fundi alijifuta vidole kwa kitambaa, akaomba kalamu, na pembeni ya neno lile akaweka alama ya vema.